Jiwe la Kifuniko

Ng'aang! Sahani ya shaba ilianguka jikoni, ikazungukazunguka sakafuni, kisha ikatulia. Nje bado kulikuwa giza. Rupal alifumbua macho. Aliijua sahani hiyo. Ndiyo iliyofunika chungu cha wali wa mtindi, wali wa Mama Shitala.

Jana kutwa walipika, kwa kuwa leo hakuna moto. Kijijini kote meko yalikuwa yamepoa, yamefagiwa na kupakwa udongo. Siku hii Mama Shitala, mungu wa kike anayewalinda watoto dhidi ya homa na ndui, hupita nyumba kwa nyumba akijipoza mekoni.

"Akikuta hata kaa moja la moto, ole wao wenye nyumba," Bibi Kanku alisema jana jioni. Kisha akamwagiza Rupal, "Funika chungu, mjukuu wangu, na juu uweke jiwe."

Rupal alifunika. Kuhusu jiwe, alisema ataliweka akitoka kwenye bembea, kisha akasahau.

Sasa alinyata hadi jikoni. Juu ya wali mweupe, mjusi alikuwa amelala chali, amekufa. Rupal alimtoa kwa kijiko, akamtupa mferejini, akausawazisha wali vizuri na kurudisha sahani juu yake. Kijiko alikiosha mara mbili.

Kulipambazuka bila moshi, bila harufu ya chai. Mawingu yaliinamia mapaa, lakini mvua haikunyesha. Kijiji kilikuwa kimya kama nyumba yenye msiba.

"Bibi, nionjeshe kidogo tu," alilia Dhaval, mdogo wake Rupal. "Kijiko kimoja!"

"Wee, tumbo lako halina adabu? Nani hula kabla ya Mama?"

"Yeye ni mkubwa, anaweza kuvumilia!"

Bibi alicheka, lakini Rupal alikitazama chungu. Hakuna atakayeonja kabla ya Mama. Hakuna atakayejua. Na baada ya sala, wali huo utagawiwa watoto wote wa mtaa, kiganja kwa kiganja.

Njiani kwenda hekaluni walikutana na jirani yao, Mama Ramila, amembeba bintiye Charu, ambaye ndiyo kwanza ameinuka kitandani baada ya homa ndefu.

"Rupal, mbona uso umekukunjamana? Umemeza nzi?" Mama Ramila alimtania.

Charu akanyoosha mkono wake mwembamba, akampa ua alilolichuma kwa ajili ya Mama. "Chukua wewe," alisema. "Una huzuni."

Kwenye hekalu dogo la mawe, watoto waliketi chini, viganja wazi. Charu alikuwa wa kwanza katika mstari. Bibi alifunua chungu, akachota wali wa kutoa sadaka.

"Bibi, usitoe!" Rupal alipiga kelele. "Mjusi alifia humo. Sikuweka jiwe. Nikaficha."

Kijiko kiliganda hewani. Nyuma, mwanamke mmoja alinong'ona, "Mwaka huu tumekwisha. Na moto hauwashwi!"

Bibi hakumgombeza. Alikirudisha kijiko polepole, akasema, "Tuufukie wali huu, hata kuku wasiule. Halafu ukanawe mikono vizuri."

Walipokwisha kuufukia na kurudi kwenye mstari, Mama Ramila alikuwa amekwisha fungua kikapu chake. "Nina unga wa uwele, samli na sukari guru. Hivi havidai moto," alisema. Walikanda wote pamoja, na Rupal akaviringa tonge la kwanza, machozi yakimdondoka. Mama Shitala alipewa lake, ndipo watoto wakala. Charu alilamba vidole hadi vikang'aa.

Njiani kurudi, Rupal aliuliza, "Bibi, Mama atatukasirikia?"

"Mama hulinda watoto. Atapendaje chakula cha kuwaua?" Bibi alimshika mkono. "Kusahau jiwe ulikuwa uzembe, na uzembe tungeusafisha asubuhi ile ile. Kuficha ndiko kungetuzika. Ukikosea, mjukuu wangu, sema mapema, kabla mtu hajafungua kinywa."

Walipofika, Rupal alifunika mtungi wa maji na kuweka jiwe juu yake, ingawa hakuna aliyemtuma. Kisha akapiga magoti, akaliweka ua la Charu katika meko yaliyopoa.

"Mama," alinong'ona, "utupitie tena mwakani."