Sahani ya Mama Uzi

Ndugu zangu, nyumba hii ilikuwa tulivu kama za kwenu. Kila jioni fundi cherehani aliyeitwa Mama Uzi alipakua chakula: minofu kwa mumewe, mayai na maziwa kwa wanawe wawili waliokwisha kuota ndevu. Yeye alikwangua sufuria, akashushia na chai ya rangi.

"Mimi nimeshiba harufu," alitania. Walicheka, wakaendelea kutafuna. Ikawa hivyo kwa miaka tisa.

Kisha miguu ikaanza kufa ganzi. Aliposhona hakujua kama anakanyaga pedali ya cherehani au sakafu. Siku moja mteja ndiye aliyeona damu kwenye kitambaa cheupe. Sindano ilikuwa imepenya kidoleni, naye Mama Uzi hakuhisi kitu. Hapo hofu ikamwingia. Alipomweleza mumewe, akaambiwa huo ni uzee unabisha hodi. Wanawe wakamletea dawa ya kuchua. Akazidi kudhoofika, akawa anasahau vipimo vya wateja na kuyumba akitembea, hata majirani wakanong'ona kuwa mama wa watu ameanza ulevi. Angejitetea vipi, na yeye mwenyewe hajui kinachomla?

Alipoanguka mlangoni ndipo walipompeleka hospitali. Damu ikapimwa. Daktari akaeleza kuwa amepungukiwa vitamini B12, ambayo mwili huitumia kutengeneza damu na kutunza mishipa ya fahamu, nayo hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Akauliza mama huyu hula nini nyumbani.

Baba akamtazama mwana mkubwa, mkubwa akamtazama mdogo wake. Hakuna aliyejua.

"Tutamchoma sindano za vitamini, na damu itarudi," daktari alisema. "Lakini mishipa imeteseka muda mrefu mno. Ganzi yote haitaondoka."

Mume akaomba dozi iongezwe. Daktari akatikisa kichwa.

Siku hizi Mama Uzi huwekewa minofu mingi kuliko wote, naye hula na kuwashukuru. Kila asubuhi mwanawe mkubwa humbinya vidole, akimuuliza kama anahisi.

"Bado, mwanangu," hujibu, na kijana huendelea kubinya.

FUNZO

Kabla hujatia tonge mdomoni, hakikisha aliyekupakulia naye amekula, na amekula nini. Na ganzi isiyoisha ipelekwe hospitali mapema. Msiiite uzee.