Binti wa Msagaji na Mtihani wa Imla

Sanduku la bati lilikuwa limeshafungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira, na baiskeli ilikuwa imeshatoka uani. Msagaji alishika usukani. Binti yake, ambaye nyumbani walimwita Kidosho, alifuata nyuma, kichwa chini, viatu mkononi ili visiingie matope.

Mama yake alisimama mlangoni. Alikuwa amesema yote tangu jana, lakini alibakiwa na moja.

"Baba Kidosho, mtoto amesoma miaka yote hii. Mtihani wa mwisho ndio huo unakuja. Unamtoa amefika mlangoni kabisa?"

"Nimtoe nisimtoe, atafeli," alisema msagaji bila kugeuka. "Mwalimu wake ameniambia tena na tena, mbele za watu. 'Binti yako hasikii,' anasema. Nimemkanya, hasikii. Nimemnyima kutoka kucheza, hasikii. Basi aende kwa shangazi yake akajifunze kusuka nywele. Nywele hazina imla."

Imla ndiyo iliyomtia aibu msagaji. Imla ni ile kazi ambayo mwalimu husoma kwa sauti, na wanafunzi huandika yale wanayoyasikia. Wiki iliyopita mwalimu alisoma, "Baba amepika bata." Darasa zima liliandika hivyo. Kidosho aliandika, "Mama amepika paka." Mwalimu alilisoma jibu hilo kwa sauti. Wenzake walicheka hadi wengine wakashika matumbo. Tangu siku hiyo walimwita Mpika Paka, na mama yake alipokwenda sokoni, watoto walimuuliza kama mchuzi umeiva.

Mama hakucheka. Alibaki ameegemea mlango mpaka wawili hao walipopotea nyuma ya ukuta wa jirani.

Kabla ya kufika kituo cha basi, msagaji alipitia kwenye mashine yake ya kusaga. Mkanda ulikuwa umelegea, na shemeji yake aliyemsaidia kazi hakuweza kuukaza peke yake.

"Karibu, mama mpishi!" shemeji alimpigia kelele Kidosho kwa utani, mdomo wazi, akimtazama usoni. Mashine ilikuwa inanguruma.

"Mjomba, ukome!" Kidosho alijibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Ndani ya chumba kile mtu hasikii hata sauti yake mwenyewe. Unga hupepea hewani, kuta hutetemeka, na watu husemeshana kwa midomo na vidole. Ukitaka kusagiwa, unamtazama msagaji usoni na kufungua mdomo vizuri. Ukimpa kisogo, umejisemea mwenyewe. Kidosho alikulia humo. Alipokuwa mdogo alilala juu ya magunia matupu. Alipokua, akawa msaidizi ambaye wateja wote walimpenda, kwa sababu hakukosea kamwe.

Hata siku ile aliweka viatu chini na kushika kazi bila kuambiwa. Mwanamke mmoja alisimama mlangoni na kusema kitu. Kidosho aliitikia kwa kichwa, akachukua ndoo yake na kuiweka upande wa nafaka isiyokobolewa. Ndivyo yule mama alivyotaka.

Kwenye foleni alikuwepo mwanamke mwenye miwani, amekalia debe lake la mahindi. Watu walimwita mwalimu wa kuzunguka. Hakuwa na darasa lake. Kazi yake ilikuwa kwenda shule hii na ile kuwasaidia wanafunzi wenye ulemavu. Alikuwa amemtazama Kidosho kwa muda.

Msagaji alizima mashine ili akaze mkanda. Chumba kikawa kimya.

Mwalimu wa kuzunguka alisimama nyuma ya Kidosho. "Binti, nisaidie kusogeza debe langu."

Kidosho aliendelea kufuta unga mezani.

"Binti!"

Kidosho hakugeuka.

Msagaji alichomoza kichwa nyuma ya mashine. Jasho lilikuwa limechanganyika na unga usoni. "Unaona, mwalimu? Unaona aibu ninayoipata? Ametia pamba masikioni! Ndiyo maana namwondoa shule. Hasikii!"

"Hasikii vipi?"

"Hasikii tu. Mkaidi."

"Mashine ilipokuwa inanguruma," alisema mwalimu polepole, "yule mama alimsemesha kutoka mlangoni, na akaelewa. Sasa pamenyamaza, niko hatua moja nyuma yake, haelewi. Ni ukaidi gani huo unaongoja mashine izimwe?"

Shemeji alianza kucheka, kisha akaacha.

Mwalimu alizunguka akasimama mbele ya Kidosho. Alichukua kifuniko cha ndoo, akafunika mdomo wake na kuuliza kwa sauti ya kawaida, "Unasoma darasa gani?"

Kidosho aliinama upande huu, akainama upande ule, kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia. Mwalimu aliteremsha kifuniko na kuuliza tena.

"La mwisho," alijibu Kidosho papo hapo.

Spana ilimponyoka msagaji. Alikaa juu ya gunia. Alikumbuka jinsi alivyomwita mtoto huyu kutoka uani na asiitikie. Alikumbuka makofi mawili aliyompiga kwa sababu hiyo. Hapa mashineni hakuwahi kuona kasoro yoyote, maana hapa hakuna anayesikia. Wote wanatazamana midomo.

Alinyanyuka akasimama mbele ya binti yake. "Kidosho. Husikii? Tangu lini?"

"Nasikia kidogo, baba. Tangu masikio yalipokuwa yanatoa usaha." Alimtazama baba yake, kisha mwalimu, kama mtu asiyejua kosa lake. "Mimi nilidhani kila mtu anayaona maneno."

Watu wa kwenye foleni walisogea karibu.

"Hebu nieleze habari ya yule paka," alisema mwalimu kwa upole.

Kidosho aliinamisha macho. Baba yake ndiye aliyesimulia. Mwalimu alipomaliza kusikiliza, aliwageukia wote. "Semeni 'baba' bila kutoa sauti. Sasa semeni 'mama'. Mtazamane."

Wanawake kwenye foleni walitazamana wakifungua na kufunga midomo. Mmoja alisema, "Ee! Ni kitu kimoja!"

"Naam. Na 'bata' na 'paka' pia ni ndugu. Midomo inafunga vilevile, na hiyo t na hiyo k zimejificha ndani. Mtoto huyu hakukosea tahajia hata moja. Aliandika sawasawa alichokiona."

Msagaji aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa ndiyo basi? Imla hataiweza maisha yake yote."

"Ataiweza, ikiwa itamfikia. Imla inapima kama mtoto anajua kuandika neno. Haipimi ukali wa masikio. Wanafunzi wenye ulemavu wana haki ya kuombewa marekebisho katika mtihani. Maswali hayabadiliki. Majibu ni yake mwenyewe. Kinachobadilika ni njia ya kumfikishia swali, au njia yake ya kulijibu."

"Kama vipi?"

"Kwa binti yako, msomaji atakaa mbele yake kwenye chumba kisicho na kelele, uso ukipata mwanga wa dirisha. Atasoma sentensi nzima kwanza, si neno moja moja. Sentensi nzima humsaidia mtoto kujua ni bata au ni paka. Atarudia. Maelekezo yote ya mdomo yataandikwa ubaoni. Na ataongezewa muda, maana mtu anayesoma midomo hawezi kutazama na kuandika kwa wakati mmoja. Mwingine mwenye uoni hafifu hupewa karatasi yenye maandishi makubwa. Asiyeona hupewa breli, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole. Mwenye mkono mzito wa kuandika hupewa muda, au mtu wa kumwandikia. Kila mmoja hupewa linalomfaa yeye. Ukimpa binti yako breli hujamsaidia kitu."

Msagaji alipangusa uso. Unga uliacha mistari. "Mwalimu, nikienda kuomba hayo, watu watajua. Watamwita kiziwi."

"Leo wanamwita Mpika Paka na mkaidi. Hayo unayaona ni afadhali?"

Msagaji alitazama sanduku kwenye baiskeli. Kisha alimgeukia shemeji yake. "Rudisha sanduku nyumbani. Mwambie dada yako nimechelewa."

"Umechelewa nini?"

"Kumwelewa mtoto wangu. Mwambie hivyo tu."

Kabla ya chochote walikwenda hospitali. Mpimaji alisafisha masikio ya Kidosho, akampima kwa sauti kubwa na ndogo. Alisema sikio la kushoto limepoteza sehemu kubwa ya usikivu, na la kulia kiasi. Sehemu iliyopotea haitarudi, lakini dawa itazuia isiendelee. "Sikio likitoa usaha, mleteni mtoto mara moja," alisema. "Msitie mafuta, msichokoe kwa njiti." Aliandika majibu ili shule iyatumie kuombea marekebisho.

Kesho yake walikaa ofisini kwa mwalimu mkuu: msagaji, mkewe, mwalimu wa kuzunguka, na mwalimu wa darasa la Kidosho. Msagaji alikuwa amevaa shati la kutokea. Alijikohoza.

"Mwalimu," alimwambia mwalimu wa darasa, "uliniambia binti yangu hasikii. Ulisema kweli tupu. Mimi na wewe tulilisikia neno hilo na hatukulielewa. Nimekuja kusema hivyo hivyo, lakini kwa maana yake: binti yangu hasikii vizuri. Naomba asaidiwe."

Mkewe alimtazama kwa mshangao. Hakuwa amewahi kumsikia akiomba kitu kwa sauti ile.

Mwalimu wa darasa alisugua paji la uso. "Mimi husoma imla nikitembea kati ya madawati. Nafanya hivyo wasinakiliane." Alirekebisha miwani yake. "Kwa hiyo nusu ya sentensi nampa kisogo. Lakini niwaulize, nisionekane mbaya. Akisomewa peke yake na kuongezewa muda, si upendeleo? Wenzake watasemaje?"

"Wewe umevaa miwani," alisema mwalimu wa kuzunguka. "Na mimi pia. Tulipofanya mitihani ya ualimu, kuna aliyetuambia tuivue ili tuwe sawa na wenzetu?"

Mwalimu mkuu alicheka kidogo. Kisha akawa na neno zito. "Maombi kwa wasimamizi wa mtihani lazima yaende mapema. Dirisha la maombi linafungwa mwisho wa mwezi huu. Mngekuja mwezi ujao, ningewarudisha na huzuni yangu."

"Na asingoje siku yenyewe," aliongeza mwalimu wa kuzunguka. "Aanze kupewa marekebisho hayo kwenye majaribio ya darasani, ayazoee. Ndipo tutaona pia kama yanatosha."

Mama Kidosho aliuliza, "Na lile jina?"

"Jina gani?" aliuliza mwalimu wa darasa, kisha akakumbuka. Alitazama mikono yake. "Mimi ndiye niliyelisoma jibu lile kwa sauti. Nitalimaliza mimi."

Alilimaliza kwa njia yake. Aliwaandikia wanafunzi sentensi kwenye vipande vya karatasi, akawataka wasemeshane bila sauti, na kila mmoja aandike alichokiona mdomoni mwa mwenzake. Darasa liliandika maajabu. Mmoja aliandika kwamba mwalimu mkuu amemezwa na meza. Walicheka sana, lakini safari hii kila mtu alijicheka mwenyewe. Kidosho peke yake ndiye aliyepatia sentensi nyingi.

Jibu la maombi lilichelewa. Msagaji alikwenda shuleni kuuliza mara nyingi kiasi kwamba mlinzi wa geti aliacha kumuuliza shida yake. Mwishowe likaja: wamekubali.

Siku ya mtihani Kidosho alikaa kwenye chumba kidogo kando ya ofisi. Msimamizi mgeni alikaa mbele yake, uso kwenye mwanga. Alisoma sentensi nzima, akangoja Kidosho ainue kalamu, akasoma tena.

Kidosho alifaulu. Alama zake za imla zilikuwa za wastani, hesabu ndiyo iliyombeba. Sasa yuko sekondari na anavaa kifaa cha kusaidia kusikia kwenye sikio la kulia. Shangazi alipata mwanafunzi mwingine wa kusuka. Mwalimu wa darasa husoma imla akiwa amesimama mahali pamoja, na mwaka uliofuata aliwaombea marekebisho wanafunzi wengine wawili, mmoja wa macho na mmoja wa mkono. Mwalimu wa kuzunguka alihamishiwa wilaya nyingine. Shemeji alioa, akaacha kazi ya mashine. Msagaji naye alipimwa masikio, akakutwa yameanza kuchoka kwa kelele. Huvaa vizibo vya masikio akiwa kazini, na mkewe humkumbusha kila asubuhi.

Wiki ya kwanza ya sekondari, Kidosho alikwenda mwenyewe kwa kila mwalimu mpya na kumwambia: "Sisikii vizuri. Naomba unisemeshe ukinitazama, na mitihani niombewe marekebisho mapema." Wazazi wake hawakujua habari hiyo mpaka alipokuja likizo.