Saa ya Kutoka

Alasiri hiyo kitabu cha geti kilinuka mshumaa. Sagini alikinusa mara mbili, akakifuta kwa kofia. Kiwanda cha majani chai, ambapo hata soksi za mtu hunuka majani, mshumaa umetoka wapi?

Wanaosema majini ni ya Pwani tu hawajafika Kimulot, kwenye kiwanda hiki. Na bawabu kama Sagini hakuna, kuanzia hapo hadi Sigor. Meneja mzima aliwahi kurudishwa ndani na gari lake kwa kutojaza saa ya kutoka. "Hujasaini, hutoki." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya Sagini.

Mwezi uliopita bintiye Kemuma, anayesoma Prague, alimtumia tikiti, akamtembeza katika chuo kikuu cha kale, kuta nene kama tumbo la kiboko. Mlangoni pa maktaba palikuwa na kitabu kikubwa, kimefunguliwa. Mkono ukamwasha Sagini kwa mazoea. Akapiga mistari ya safu kama za kitabu chake cha geti, akajaza jina na saa ya kuingia. Kwenye "Unamwona nani?" akaandika: Mwenyewe.

"Baba! Wenye hapa walikufa miaka mia sita iliyopita," Kemuma alinong'ona akicheka.

"Basi wajue nimewaheshimu."

Mvua ikaanza, wakatokea mlango wa nyuma kukimbilia tramu. Saa ya kutoka ikabaki wazi.

Sasa zamu ilikuwa imeisha, saa kumi. Sagini akafungua mlango mdogo wa geti, akapita nje, akajikuta anaingia ndani. Akageuka, akapita tena. Uani. Mara ya tatu, uani.

Kipruto wa boila akasaini, akatoka hadi barabarani bila shida.

"Mzee, unacheza densi na geti?"

"Kipruto, nivute mkono. Tafadhali."

Kipruto akaushika mkono wenye glavu, akavuta kwa nguvu zote, akabaki nje ameshika glavu tupu. Akaitupa, akatimua mbio.

Ukungu wa Mau ukashuka, na changarawe chini ya viatu vya Sagini ikawa mawe baridi yaliyolainishwa na miguu ya watu waliokufa zamani, na harufu ya mshumaa ikameza ya majani, na nyuma yake, pasipokuwa na mtu, funguo nyingi zikalia taratibu, akisimama zinasimama, akitembea zinatembea, mpaka akampigia Kemuma simu.

"Kimbia kwa kile kitabu cha maktaba, mama. Unisaini nitoke."

Alisikia viatu vya Kemuma vikikimbia, kisha ukurasa ukifunuliwa.

"Baba," Kemuma akanong'ona, "saa ya kutoka imejazwa. Wino bado mbichi. Mwandiko ni wako."

"Basi si nimetoka?"

"Kuna aliyetoka, Baba."

Simu ikakatika. Akampigia mkewe, Mongina.

"Wewe ni nani unapiga na simu ya bwanangu?" Mongina akafoka. "Umemwibia?"

"Mama Kemuma, ni mimi! Niko kiwandani, siwezi kutoka!"

"Mwizi wewe! Baba Kemuma ameingia sasa hivi, namwekea chai."

"Mongina, usimpe chai! Toka hapo nyumbani! Toka!"

Kwenye simu, karibu kabisa na sikio la mkewe, funguo zikalia. Kisha sauti ya Sagini, ile ile ya getini, ikasema kwa upole:

"Mwambie, mwenyewe yuko nyumbani. Huyo hajasaini. Hatoki."