Kizibao cha Mkia

Jumanne ile ilianza kama Jumanne zote. Nilitoka kasino kugawa karata, nikaoga, nikanywa kahawa, nikamkuta mdogo wangu Ignacio ameshaketi kwenye gari langu, kizibao chake cha rangi ya chungwa mwilini, kana kwamba hata ndani ya gari kuna mtu angepotea.

"Kivue bwana, bado tuko mjini."

"Mkia ni mkia, dada."

Nikamwacha. Tangu mkewe aondoke, kile kizibao ndicho kitu pekee kilichomfanya anyoe ndevu. Mama alikuwa amekitia kiraka mfukoni kwa uzi wa kijani, uzi ukamwishia, akamalizia pembe moja kwa mweupe. Kabla hatujaondoka aliinama dirishani kwangu akaninong'oneza, "Umrudishe, Marisela. Bado hajakaa sawa." Utadhani nampeleka vitani. Nikamwambia haya, nikawasha gari.

Kikundi chetu hutembea makorongo ya nje ya Las Vegas siku za kazi, kwa sababu wengi wetu wikendi ndiyo tunasulubiwa na wageni. Kiongozi ni Mzee Wendell, mchimba madini mstaafu, mkali kwa taratibu kuliko padri. Mbele anakaa yeye, mwisho anakaa mkia mwenye kizibao, siku hizo Ignacio, na hakuna anayetembea nyuma ya mkia. Njia ikigawanyika, Wendell anauliza kwenye redio ya mkononi, "Mkia?" Mkia anajibu, "Nipo, nyuma yangu hakuna mtu." Tukigeuka kurudi mahali pembamba, mkia hasogei. Anaegemea ukuta, sote tunampita mmoja mmoja tukimgusa bega, kisha ndipo anafuata. Huyo unayemgusa ndiye wa mwisho, na ukishamgusa huulizi tena.

Siku hiyo tuliingia Korongo la Punda Mfu. Hewa nzuri, anga la buluu, tamali za mama, unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda, zikiwa bado na joto ndani ya mfuko wangu. Na Ignacio akaanza mambo yake. Mjusi apigwe picha. Jiwe lipigwe picha. Kinyesi cha punda kipigwe picha. Kila Wendell alipouliza, tulisimama juani kama mbuzi tukisubiri jibu, na watu wakinigeuzia macho mimi, kwa kuwa ndugu ni wangu. Mwanamke mmoja akaniambia, "Kaka yako angebaki nyumbani apige picha paka." Nilicheka kwa nje, ndani nachemka. Sikuwa nimelala tangu jana yake, miguu inaniuma, na nimechoka kuwaomba watu radhi kwa ajili ya mtu mzima.

Nikarudi nyuma kumfuata.

"Watu wote wanakusubiri wewe na mjusi!"

"Huyu mkia wake umekatika, dada. Nimemwonea huruma."

"Siku moja utabaki humu. Na mimi sitageuka kukutafuta, unanisikia? Sitageuka!"

Akazima simu yake taratibu. "Sauti hiyo naijua," akasema. "Ni ya mke wangu."

Hatukusemezana tena.

Baadaye kidogo Wendell alisimama akatazama milimani. Juu yetu kulikuwa kweupe, lakini kule vilele vimefunikwa na wingu zito, na maji ya ile milima hupita humu humu tulimo. Akanong'ona, maana alitaka kusikia kama korongo limeanza kunguruma: "Geukeni. Msipige kelele."

Tukashuka juu ya majabali kwa mikono na makalio, viganja vyetu vyekundu kwa vumbi la mawe. Ignacio alikuwa amesimama ndani ya ufa wa ukuta, kivulini, uso ameugeuzia jiwe, kizibao kikionekana. Wendell, aliyetupita ili ashike tena mbele, akamgusa bega akapita. Wengine wakamgusa wakapita. Mimi nilijichelewesha nikawa wa mwisho, bado nimenuna. Nilimpiga kofi begani kwa hasira, kiganja kizima. Bega lilikuwa la moto, limelowa jasho. Aliendelea kutazama jiwe. Wala mimi sikumtazama.

Nilipinda kona, nikapinda nyingine.

Ignacio alikuwa ameketi juu ya jiwe mbele yangu.

Nilisimama nikamkodolea macho. Kizibao, kiraka, uzi wa kijani, pembe nyeupe. Anafunga kamba ya kiatu.

"Umenipitaje?"

"Nilipita juu."

Nikatazama juu. Ni kuta tupu, ndefu, laini. Ningejiuliza zaidi kama nisingekuwa na hasira, lakini hasira haina muda wa kuuliza. Nilichoona ni mtu aliyeacha nafasi yake, na redio hana.

"Redio iko wapi?"

"Imeanguka."

"Imeanguka! Mkia gani wewe?" Nikamshika mkono nikamkokota. Ulikuwa baridi kama jiwe la kivulini. Nikasema moyoni, kumbe naye ana hofu.

Tuliwafikia wenzetu penye njia panda. Wendell alikuwa ametugeuzia mgongo, redio mdomoni.

"Mkia?"

"Nipo," redio ikajibu. "Nyuma yangu hakuna mtu."

Ilikuwa sauti ya Ignacio. Wote tukamtazama Ignacio. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Wendell akageuka polepole, akamwona, rangi ikamtoka. Akabonyeza tena. "Wewe nani?"

"Mzee, acha utani. Ni mimi." Alikuwa anahema. "Mbona mnanipeleka ndani tena? Nasikia maji."

"Unamfuata nani?"

"Dada. Naona mgongo wake. Ananiita kwa mkono, lakini hasemi. Bado amekasirika."

Hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa pale, mgongo wangu umegusa ukuta.

Wendell akavua mfuko wake wa mgongoni. "Kuna mtu kule."

"Kuna nini kule!" Nilinong'ona, lakini nilitaka kupiga yowe. "Mzee, huyu hapa! Nimemshika! Utamfuata nani?"

"Sijawahi kuacha mkia."

"Mkia wako ni huyu! Hicho ni kitu kinachotuchezea tufie humu!" Nikageuka kwa Ignacio. "Sema basi! Waambie!"

"Twende," akasema Ignacio. Neno hilo tu.

Chini ya miguu yetu mawe yakaanza kutetemeka. Kwa mbali ukasikika mngurumo. Wendell alisimama, mguu mmoja mbele, machozi yakimtoka waziwazi.

"Marisela," redio ikaita. Ilikuwa inalia. "Marisela, geuka basi nikuone uso. Nisamehe. Geuka."

Nilimkaza Ignacio mkono mpaka kucha zikamwingia. Hakujikunja.

Redio ikanyamaza. Kisha, kwa sauti ndogo kabisa:

"Amegeuka."

Halafu maji.

Tulikimbia. Wendell tulimburura. Tulipanda kilima cha maegesho ya magari, na nyuma yetu mafuriko yakapita korongoni yamejaa matope na magogo. Ignacio alisimama pembeni kwenye jua, kizibao chake kisafi, rangi ya chungwa ikimetameta. Niliuona ule usafi, begani hakuna hata alama ya kiganja. Nikajiambia haraka kwamba hakuna aliyemgusa, si alikuwa ametangulia? Nilijiambia hivyo njia nzima hadi nyumbani.

Mama alimkumbatia mlangoni. Kwa kawaida humbana mpaka alalamike. Safari hii alimwachia mapema, akaenda jikoni kupasha tamali.

Wiki iliyofuata Wendell alikuja na mfuko wa plastiki, hakutaka hata kuketi. Alikuwa amerudi kule na askari wa hifadhi, wakaingia ndani kuliko tulivyofika sisi. Alichokikuta yeye kilikuwa kimetundikwa kwenye mwiba, juu sana ya mstari wa maji, kikavu.

"Sikuwaonyesha wale askari," akanong'ona. "Ningewaambia nini? Anayevaa hiki yuko kwenu anaangalia mpira."

Nikakitoa. Kizibao cha rangi ya chungwa. Mfukoni kiraka, uzi wa kijani, pembe nyeupe. Bega la kulia lilikuwa jekundu, viganja juu ya viganja, vya kila mtu aliyepita. Na juu ya vyote kimoja kizima, kimepigwa kwa nguvu, chenye kidole cha mwisho kilichopinda.

Changu kimepinda tangu nilipokibana kwenye mlango wa gari. Niliweka mkono wangu juu ya ile alama. Ukaingia wote.

Nilisahau kwamba mama yupo nyuma yangu. Alikitwaa, akapitisha kidole kwenye ile pembe nyeupe, mshono kwa mshono. Nyuma ya mlango wa sebule kile kingine kilikuwa kimening'inia, kisafi. Hakukigusa. Wala hakulia. Alinitazama tu.

"Nilikwambia umrudishe," akasema.

Kutoka sebuleni Ignacio akatuita, "Dada, mama, chakula kinapoa!"

Nimezunguka kwenye vituo vyote vya polisi. Wananiuliza nani amepotea. Nikitaja jina, wanapiga simu nyumbani, naye anapokea.

Kizibao chenye viganja kiko chini ya mto wa mama. Kile kisafi anakivaa huyo wa sebuleni. Muda wa kula ukifika husimama kando ya mlango, mgongo ukutani, anasubiri sote tuingie kwanza. Mama hupita amejibana upande wa pili. Mimi nikimpita, simgusi bega.