Rafiki Yangu Alinitafsiria Uongo, Nikapoteza Gari ya Marehemu

Ninayewaandikia ni mjane wa miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Kilwa, upande wa Kongo wa ziwa Mweru. Tangu nilipoolewa nimefanya biashara ya samaki Nchelenge, upande wa Zambia. Kiswahili changu ni hiki cha kwetu, na Kifaransa kidogo cha shule. Kibemba sikukijua... Na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia!

Mume wangu aliniachia kitu kimoja tu chenye thamani, pikapu nyeupe. Alinifundisha kuiendesha mwenyewe kwenye njia ya mchanga ya Kabuta, akicheka kila nilipoizima injini. Alipofariki, ndugu zake walibeba vitanda, viti, hata sufuria. Gari hawakuipata kwa sababu ilikuwa Zambia. Kwa gari ile nilipeleka Mansa chisense, vile visamaki vidogo vya kukaushwa. Kwa gari ile wanangu walikula na kusoma.

Nilikuwa na rafiki. Huku wanamwita Bana Mutale, yaani mama wa Mutale. Ni Mzambia, lakini alikulia kwenye biashara ya kuvuka ziwa, na Kiswahili alikisema kama sisi. Nilipofiwa, yeye ndiye aliyelala nami kwenye mkeka mpaka matanga yakaisha. Tulikula bukari, yaani ugali, sahani moja. Sokoni yeye ndiye aliyenisemea kwa wauzaji, kwa watoza ushuru, hata kwa polisi. Ningemshuku kwa lipi?

Zamani pale bandarini Nchelenge kila mtu aliegesha gari alipotaka. Kisha tajiri mmoja akazungushia uwanja waya, akaweka lango na walinzi, akasema sasa ni parkingi yake. Kibao kilichoandikwa kwa Kiingereza kikatundikwa langoni. Sisi wa ng'ambo tulikitazama tu, tukapita.

Siku moja ya mvua niliingiza gari mle, nyuma ikiwa imejaa magunia ya chisense. Nilitaka kuvuka hadi kisiwa cha Chisenga kuongeza mzigo, nirudi kesho yake. Kijana wa langoni alipokea pesa yangu, akaitia mfukoni. Nilipoomba tiketi alinionyesha kwa mkono niende tu, boti inaondoka. Nikaenda.

Usiku ule ziwa lilichafuka. Upepo ulivuma siku baada ya siku, maji yakawa meusi kama mafuta machafu, na hakuna mwenye boti aliyethubutu kutoka. Nilikaa Chisenga nikitazama upande wa Nchelenge bila kuuona. Moyo wangu ulikuwa mzito, sikujua kwa nini... Na zaidi ya hayo, karatasi yangu ya kuvuka mpaka ilikuwa inaisha muda nikiwa palepale kisiwani!

Niliporudi nilikuta gurudumu la mbele limefungwa chuma cha njano. Turubai lilikuwa limechanika, magunia yamelowa, harufu inatoka hadi langoni. Mlinzi alinipa karatasi ya faini. Kumbe kijana yule alikula pesa yangu, na kwa hesabu za parkingi gari yangu iliingia bila kulipa, na faini ilikuwa imepanda kila siku niliyokuwa kisiwani. Nililia pale pale matopeni. Niliwaambia nimelipa, nimelipa! Nani alinielewa?

Nilimpigia simu Bana Mutale. Alikuja mbio, hata kitambaa cha kichwa hakukifunga vizuri. Alinikumbatia.

"Nyamaza, dada," akaniambia. "Miye niko. Bataniambia miye, hawatakuambia weye."

Tuliingia ofisini kwa meneja, mwanaume mnene mwenye sauti ya chini. Nilieleza yote, Bana Mutale akasema kwa Kibemba. Meneja alisikiliza. Alitoka nje, akaita mtu, wakaongea, kisha akarudi na kunigeukia mimi. Aliweka mkono kifuani. Alisema maneno mengi, taratibu, akinitazama machoni. Katikati nilisikia, "Sendeni motoka yenu." Neno motoka nililijua, hata kwetu gari tunaiita motokari.

Nilimuuliza rafiki yangu, "Anasema nini juu ya motoka?"

Bana Mutale hakunitazama. Alikuwa anatazama dirishani, kule gari ilikokuwa.

"Anasema bataibeba," akajibu. "Kesho bapolisi banakuja kuichukua. Anasema weye uko mwizi."

Hayo tu? Mtu amesema muda wote ule, na mimi naletewa maneno mawili? Wasomaji, nilijiuliza swali hilo. Nakumbuka kabisa nilijiuliza! Lakini mtu aliyelala nawe kwenye mkeka wa msiba, unamwambiaje kwamba humwamini? Nilianza kulia kwa sauti. Meneja alinishangaa, akamuuliza Bana Mutale jambo. Naye alimjibu kwa upole, huku akinipigapiga mgongoni.

Nje aliniburuta hadi nyuma ya ukuta. Aliniambia jambo limekuwa kubwa. Wameona karatasi yangu imekwisha muda, watu wa mpaka wameshaambiwa, nikionekana bandarini nitafungwa na wanangu watabaki peke yao.

"Nipe funguo," alisema. "Kesho bakikuja, nitasema motokari ni yangu. Miye niko mutu wa hapa, hawatanigusa. Weye vuka leo leo, dada. Ikala Kilwa mpaka nikuite."

Nilimpa. Kwa mkono wangu mwenyewe! Na nilimshukuru... Nilimshukuru mpaka nikapiga magoti kwenye tope.

Nilivuka jioni ile nimejifunika kitenge usoni kama mhalifu. Kila boti iliyopita karibu nilidhani ni polisi.

Kilwa nilikaa nikisubiri. Mwanzoni alipokea simu. Aliniambia gari iko kituoni, anahangaika, nisichoke kuomba Mungu. Niliomba! Nilifunga kula, na watoto wangu wakafunga pamoja nami. Kisha simu ikawa inalia bila kupokelewa. Kisha haikulia kabisa. Binti yangu mkubwa aliniuliza kama mama Mutale ni mgonjwa. Nilimwambia pengine. 

Mwisho nilisema, wanifunge kama wanataka. Nilitafuta karatasi mpya, nikavuka mchana kweupe. Kwa Bana Mutale nilikuta kufuli mlangoni. Basi nikaenda mwenyewe kwenye ile parkingi niliyoiogopa kama kaburi.

Meneja aliponiona alisimama na kunisalimu kwa heshima. Polisi hakuitwa. Nilisema maneno machache ya Kibemba niliyoyaokota sokoni, na nilipoona hatuelewani nikaanza kuonyesha kwa mikono. Uwanjani kulikuwa na lori kubwa, na dereva wake alikuwa anaosha kioo. Meneja akamwita. Alikuwa Mkongomani wa Kasenga, Papa Ngoy, mwenye kusikia lugha zote mbili.

Nilimwomba aulize gari yangu iko wapi, na faini ni kiasi gani sasa.

Meneja akasema. Papa Ngoy akasikiliza. Akauliza tena, kama mtu asiyeamini masikio yake. Kisha akavua kofia.

"Mama," akasema, "ikala kwanza."

"Sema, papa! Sema tu!"

"Anasema faini haikuwa. Siku ile ile mulikuja, ule mutoto wa mulango aliitika mbele yake kwamba alikula feza yako. Alikuambia pole. Alikuambia, sendeni motoka yenu, maana yake bebeni motokari yenu. Fundi wa kufungua kile chuma hakukuwa, njo maana alikuambia urudie kesho."

Masikio yangu yalianza kulia kama nzi.

"Na kesho yake," akaendelea kwa sauti ndogo, "mwenzako alikuja na funguo. Alisema weye ulimuuzia motokari, ulirudia Congo. Na meneja anasema, siku ile mu ofisi alikuona unalia, akamuuliza mwenzako sababu. Mwenzako alisema unalia kwa furaha."

Kwa furaha! Wasomaji wangu, mlishawahi kusikia unyama kama huo? Nililia huzuni yangu, yeye akaitafsiri kuwa furaha!

Watu walituambia Bana Mutale anauza nguo sokoni Kashikishi siku hizi. Nilienda, Papa Ngoy akinifuata kwa nyuma. Nilimkuta nyuma ya meza yake, amevaa vizuri, anacheka na wateja. Nilimwita kwa jina. Nilimuuliza, tena kwa sauti, amenifanyia nini, na gari ya watoto yatima ameipeleka wapi.

Alinitazama kama anayetazama kichaa. Akawageukia watu.

"Nshimwishibe," alisema. Simjui.

Nilimwambia aseme Kiswahili. Alijibu kwa Kibemba. Nilimkumbusha mkeka wa msiba. Alijibu kwa Kibemba, akicheka kidogo, na watu wakacheka naye. Kila nililolisema lilianguka chini kama jiwe. Mwanamke ambaye kwa miaka alikuwa kinywa changu aliniacha nimesimama bubu katikati ya soko! Ni Papa Ngoy aliyepaza sauti na kuwaeleza watu kisa chote kwa lugha yao. Kicheko kikakatika. Mama mmoja muuza vitumbua akatema mate chini.

Hapo ndipo Bana Mutale aliponisogelea, karibu na sikio langu. Kiswahili chake kikarudi, kizuri kama zamani.

"Rudia kwenu, dada," alinong'ona. "Hapa nani atakusikia?"

Walinisikia polisi, kwa sababu Papa Ngoy alichelewesha safari yake ili anisemee. Gari ilipatikana Mununga nyuma ya nyumba ya mtu. Injini ilikuwa imeshatolewa, magurudumu hayapo, na kuku walikuwa wanalala kwenye kiti alichokuwa anakalia mume wangu. Aliyeinunua alisema hata yeye alidanganywa. Bana Mutale alishikwa, akaachiwa kungoja kesi, na tangu hapo hajaonekana. Wengine wanasema yuko Mansa, wengine wanasema amevuka kwenda kwetu Kongo. Sijui. Mpaka leo sijui pia alianza kuitamani gari yangu lini. Labda hata kabla ya msiba... Wazo hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Ndugu zangu, hasa ninyi akina mama mnaovuka maji na mipaka kutafuta chakula cha watoto, nawasihi! Jifunzeni lugha ya mahali mnapoweka mali yenu, hata kama ni maneno ya kuokota. Usimkabidhi mtu mmoja kinywa chako na sikio lako kwa pamoja, hata akiwa amekula nawe sahani moja. Na mtu akikuambia maneno marefu, kisha yakakufikia mafupi, simama hapo hapo! Mtafute wa pili. Mtafute hata dereva usiyemjua. Mimi niliona aibu kumshuku rafiki, na aibu ile imenigharimu jasho lote la marehemu.

Sasa nauza chisense nikiwa nimeketi chini, kwa beseni. Kibemba najifunza kila siku, na wenzangu wanacheka ninavyokivunja.

Wiki iliyopita alifika msichana mgeni kutoka Kilwa, amebeba mtoto mgongoni, na mwenzake alikuwa anamtafsiria bei kwa muuzaji wa nyavu. Nilisogea, nikainamisha kichwa kama ninapanga samaki wangu. Nilisikiliza kila neno la muuzaji na kila neno la mtafsiri. Alikuwa anasema ukweli mtupu, neno kwa neno. Hata hivyo sikuondoka pale mpaka walipomaliza.