Nta Kwenye Mahameli

Kufuli halikuvunjwa, na hilo ndilo lililompandisha mori Inspekta Evarist.

Sanduku lililokuwa mbele yake, kwenye bohari ya serikali, lilikuwa la daktari wa jeshi la Mjerumani, masalia ya vita vya mwaka 1914. Msumeno wa kukatia mifupa ulikuwemo, visu vilikuwemo, koleo la kutolea risasi lilikuwemo, kila kimoja kimelala kwenye shimo lake la mahameli. Shimo moja tu lilikuwa tupu: refu, jembamba, limepinda mwishoni.

"Treni yangu saa nane," alisema Bwana Callixte, aliyetumwa na makumbusho kulichukua sanduku. "Kifaa hicho kisipopatikana, mtunza bohari alale rumande."

Mtunza bohari, Mzee Ponsian, aliyekuwa dresa, mfunga vidonda, wa KAR, jeshi la Mwingereza, alikuwa amekalishwa hapo tangu alfajiri. Jasho lilimtoka, na macho hayakubanduka kwenye saa ya ukutani.

"Ufunguo anao nani, Mzee?"

"Mimi, Afande."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna."

"Hapa palikaa nini?"

"Sijui. Mambo ya Wajerumani hayo."

Evarist aliinama na kioo cha kukuzia. Mahameli ilikuwa na nta. Akaikwangua kwa wembe: nyeusi chini, kahawia katikati, njano juu, bado inanukia asali. Moyo ukaanza kumwenda mbio kwa raha. Siku za mwizi arobaini, lakini nta hii ilikuwa ya miaka. Kitu kilikuwa kikiazimwa na kurudishwa, na mwazimaji alikuwa na ufunguo. Leo hakikurudi kwa kuwa leo sanduku linasafiri.

"Mzee Ponsian, dresa hupaka nini bomba kabla ya kulipitisha mahali pembamba mwilini?"

Mzee alishusha pumzi. "Saa ngapi sasa, Afande?"

"Saa saba kasorobo."

"Basi twende kwangu Shanwe, haraka. Pingu mtanitia huko huko."

Landrova iliruka mashimo yote ya njiani. Ndani ya nyumba, kaka yake Ponsian, Mzee Rafaeli, alikuwa akiugulia kitandani, tumbo la chini limevimba na kukaza kama ngoma. Jikoni Ponsian aliwasha moto chini ya sufuria ya maji aliyoiacha alfajiri. Ndani yake mlikuwa na bomba la fedha, limepinda mwishoni.

"Mimi ndiye niliyeiba," alisema Ponsian, akinawa mikono. "Mkojo umemziba miaka minne. Zahanati mpira wa kutolea mkojo umekwisha, na safari ya hospitali ya Tabora nusura imuue. Bomba hili ndilo linalomtoa mkojo asubuhi na jioni. Leo mmenishika asubuhi yote. Ningeliacha likakae kwenye kabati la kioo?"

"Ni mali ya serikali," alisema Callixte, ila sauti ilimpungua.

"Nitakukamata, Mzee," alisema Evarist.

"Najua. Nani atanishikia beseni?"

Kisha Callixte akavua koti, akapiga magoti.

Treni ilipopiga honi stesheni, beseni lilikuwa bado mikononi mwa Callixte, na Mzee Rafaeli alikuwa akilia machozi ya nafuu. Evarist alifungua daftari lake, akaandika: Kielelezo kimeonekana. Bado kinatumika.