Taa ya Wadudu

Jumamosi ile duka la Delbert Sizemore, fundi magita wa Nashville mashariki, lilifurika hadi mlangoni. Tamasha lilikuwa wiki ijayo, na kila gita mjini lilikuwa limechagua siku hiyo kuharibika. Royce Hatcher akajipenyeza na shati lake jekundu la vifungo vya lulu, gita mkononi limepasuka kifua.

"Limefanywa nini hili?" Delbert aliuliza bila kuinua macho.

"Nimelikalia."

"Mtu mzima?"

"Mtu mzima, bwana. Nisitiri."

Delbert akacheka, ndipo akamtazama, na kazi ikamshinda papo hapo. Nani asiyemjua Royce? Ndiye mwimbaji wa muziki wa kantri aliyesema hadharani kwamba anapenda wanaume, redio zikamnunia miaka minane, naye akazidi kutunga na kuimba kwenye kumbi ndogo.

Haukupita mwezi, viatu vya Royce vikawa barazani kwa Delbert. Kila akirudi safari za kuimba, alikuta taa ya baraza inawaka.

"Ulikuwa unanisubiri, mpenzi?"

"Nani, mimi? Taa nimewawashia wadudu."

Asubuhi moja Royce akayageuza maneno hayo wimbo, pale pale jikoni. Delbert, akikaanga soseji, akamrekebishia ubeti wa pili. Sasa, Nashville ina sheria moja inayoheshimiwa hata na walevi: aliyekuwamo chumbani wimbo ukitungwa, jina lake linaandikwa. Kwenye karatasi ya kusajili wimbo, Royce akaandika lake peke yake. Mwimbaji mmoja mkubwa, bibi mwenye jina, alikuwa anautaka wimbo ule, na Royce alihofia kwamba jina la mpenzi wake likionekana, watu wa bibi huyo wangeuona ni wimbo wa mapenzi ya wanaume wawili na kuuacha. Jamani, mtu aliyesimama mbele ya nchi nzima akaogopa karatasi!

Delbert alisikia kwenye redio ya dukani, msasa mkononi. Mtangazaji alisema yule bibi ataurekodi wimbo uliotungwa na Royce Hatcher, hakuna mwingine. Akafunga duka, akaenda nyumba ya marehemu mama yake milimani, mwendo wa saa tatu kwa gari.

"Del, rudi nyumbani," Royce alimbembeleza kwenye simu.

"Nyumbani kwa nani? Dunia nzima inajua unapenda wanaume, Royce. Mwanamume mwenyewe ndiye hajulikani."

"Niliogopa wataukataa."

"Najua uliogopa. Ndiyo maana sijakutukana."

Akakata. Wiki sita Royce alilala amekumbatia aproni ya Delbert, yenye harufu ya gundi na vumbi la mbao.

Jumapili moja mchana aliketi na watunzi wenzake watatu katikati ya ukumbi, wakipokezana nyimbo na kueleza kila wimbo ulivyozaliwa. Watu wa yule bibi walikuwa meza ya mbele, wanakula kuku. Zamu yake ilipofika, Royce akavua kofia.

"Huu nimewadanganya," alisema. "Tulikuwa wawili jikoni. Mwenzangu anaitwa Delbert Sizemore, fundi magita, mwanamume ninayempenda. Maneno yanayowaliza ni yake, na mimi nilimwacha nje."

Akauimba, sauti ikimkatika mara mbili. Jumatatu wakampigia: bibi hautaki tena. Royce alishukuru, akaandika karatasi mpya, akawasha gari.

Alifika milimani saa nane mchana, jua kali. Delbert alikuwa ameketi kwenye ngazi za baraza na fulana chakavu, amekonda. Juu yake taa ya baraza inawaka.

"Taa mchana huu?"

"Wadudu wa siku hizi hawana saa."

"Del, wimbo wameuacha."

"Nimesikia. Wamenipigia kutoka ukumbini, nimesikia na uliyoyasema." Akanyoosha mkono. "Lete."

Aliisoma ile karatasi polepole, kidole chini ya mstari.

"Jina langu umelitanguliza."

"Wewe ndiye uliyewasha taa."

Delbert akasaini juu ya goti. Kisha akasogea pembeni, akamwachia Royce nafasi kwenye ngazi.